Besi ya Njuguna

Nekesa,

Mama yako amekwisha kukuambia kuhusu maji ya kunywa, kuhusu kufunga mlango, na kuhusu wale watu wa Nairobi wanaokusalimia kama ndugu halafu unageuka unakuta mkoba haupo. Sina la kuongeza hapo. Mimi nakuandikia kuhusu jambo la Jumamosi, kwa sababu uliniuliza swali nikakujibu kwa kelele, na tangu hapo tunapishana ndani ya nyumba hii ya vyumba viwili kama wapangaji wasiojuana.

Sasa ni alasiri. Umeenda Moi's Bridge kumuaga kukhu wako, na namjua mama yangu, hatakuachilia kabla hujala kuku. Kwa hivyo nina muda. Kesho asubuhi utapanda gari la Nairobi. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa sanduku lako, na naomba uisome ukiwa umeketi garini, mahali ambapo siwezi kukukatiza.

Jumamosi nilitoka kazini saa saba nikakukuta umelaza gitaa letu la besi juu ya meza, umetandika shuka kuukuu chini yake isikwaruzike. Nyuzi zote nne ulikuwa umezilegeza ukazisogeza kando. Skrubu umezipanga kwenye kisahani. Pembeni kulikuwa na kile kifuniko kipya cheupe ulichonunua mjini, kile cha plastiki kinachokaa kifuani mwa gitaa, chini ya nyuzi, ili kucha zisile mbao. Wewe unakiita pikigadi, kama wauzaji. Cha zamani kilikuwa kimepasuka karibu na skrubu ya chini, na ulisema kinatetemeka kila ukigusa uzi ule mnene. Uliniomba mara tatu nikibadilishe kabla hujasafiri. Mara tatu nikasema hakina shida. Basi ukaamua kufanya mwenyewe. Ni mimi niliyekufundisha kushika bisibisi.

"Baba, kuja uone," uliniita. Hukuwa na hasira. Ulikuwa unashangaa tu.

Ulikuwa umekiweka kifuniko kipya juu ya mbao, na matundu yake hayakulingana na yale ambayo skrubu zetu zimekaa miaka yote. Yalilingana na mengine. Matundu ya zamani, kumi na moja, yaliyozibwa kwa njiti za kiberiti na gundi.

"Hiki cha dukani kimekatwa vile gitaa lilitoka kiwandani," ulisema. "Kwa hivyo kulikuwa na kingine kabla ya hiki cha formaika. Si uliniambia uliinunua mpya? Nani alitoa cha kwanza?"

Nikapiga kelele. "Nani alikutuma kufungua vitu vya watu?"

Ukaniangalia. "Watu gani, Baba?"

Nilitoka nje. Nikaenda kukaa kwa kinyozi, ingawa nilikuwa nimenyolewa juzi yake. Niliporudi ulikuwa umeacha besi pale pale mezani, kifua wazi, na ulikuwa umemwambia mama yako kwamba hutabeba kitu usichojua ni cha nani. Barua ya chuo inasema kila mwanafunzi wa muziki aje na chombo chake. Uliyasema hayo ukiwa unalijua hilo. Mzazi mwingine angeona fahari. Mimi niliona fahari kidogo, na hasira nyingi, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na minane alikuwa amefanya kwa dakika moja kitu ambacho mimi nimeshindwa kufanya tangu akiwa mchanga.

Besi ni ya Njuguna.

Humjui, ingawa aliwahi kukubeba. Nilipofika hapa Langas, Eldoret, nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, nimetoka kubeba magunia ya mahindi kwenye mashamba ya watu. Nikapata kazi ya kupakia saruji kwenye duka lile lile ambalo leo mimi ni karani. Jirani na chumba nilichopanga kulikuwa na duka la Mama Njuguna: sukari, mkate, mafuta ya taa, sabuni ya kukatwa vipande. Mtoto wake wa pekee alikuwa rika langu. Mama yule aliuza viazi vya misimu miwili kutoka shamba lao la Nyahururu ili amnunulie gitaa la besi, na Njuguna akamtafuta mchoraji wa mabango amwandikie jina kwenye kifuniko chake cheupe. NJUGUNA, kwa rangi nyekundu, herufi zimelala upande kama zinakimbia. Nilimcheka. Nikamwambia inafanana na lori la viazi.

"Wewe cheka tu," alisema. "Ikipotea itajulikana ni ya nani."

Alikuwa akiipiga kanisani, na Jumamosi jioni alikuwa akiipiga nyuma ya duka, katikati ya magunia ya sukari. Mimi nilikuwa nikienda kumsikiliza. Baada ya wiki kadhaa akanipa nishike. Sikuwa nimeomba. Alisimama nyuma yangu, akaweka vidole vyake juu ya vidole vyangu, akaanza kunifundisha, na aliendelea hivyo miaka miwili bila kunidai hata soda. "Usikimbie, Wafula," alizoea kusema. "Ukikimbia wewe, kanisa zima litakimbia." Maneno hayo nimekufundishia wewe kama yangu. Mengi niliyokufundishia kama yangu ni yake.

Nilipomwoa mama yako, Njuguna ndiye aliyepiga. Ulipozaliwa, mama yake alileta unga wa uji, na yeye akakupakata akiwa na woga kama aliyepewa yai.

Halafu ukaja uchaguzi, na zile wiki za makabila kufukuzana ambazo wewe umezisoma shuleni kwa kurasa mbili. Ulikuwa na miezi mitano. Asubuhi moja Njuguna aliingia kwetu kwa mlango wa nyuma, amekumbatia besi imefungwa kwa blanketi la mama yake. Alikuwa amevaa viatu visivyofanana.

"Lori linaondoka sasa hivi," alisema. "Wamesema kila mtu na nguo zake tu. Nitunzie, Wafula. Tukitulia nitakuja kuichukua."

"Usijali," nikamwambia. "Itakuwa hapa."

Nilisema kwa moyo wangu wote. Nataka ujue kwamba kuna dakika moja katika habari hii ambapo baba yako alikuwa anasema kweli.

Mchana wa siku hiyo duka lao lilichomwa. Nilisimama nikitazama moshi kama watu wengine. Besi niliisukuma chini ya kitanda. Vijana walipita mlango kwa mlango wakiuliza nani ameficha nini, wakafika kwetu, nikasimama mlangoni nikawajibu kwa lugha ya nyumbani, wakaniuliza natoka wapi, nikawaambia, wakapita. Hakuna aliyeingia. Hakuna aliyeniwekea mkono. Lishike hilo, kwa sababu linakuja.

Miezi ikapita, mji ukatulia kwa namna yake. Kanisa likafunguliwa, viti vingi vikiwa vitupu. Jumapili moja mchungaji akasema tunataka kurudisha muziki, lakini besi yetu ilienda na Njuguna. Kuna mtu anajua pa kuazima?

Nikainua mkono. Nikasema, "Mimi ninayo."

Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini niliinua mkono. Ningeweza kusema, "Ya Njuguna iko kwangu, tuitumie mpaka arudi." Maneno yangekuwa mepesi hivyo. Lakini watu waligeuka kunitazama, Nekesa. Nilikuwa mpakiaji wa saruji. Nilikuwa nikienda kanisani na vumbi masikioni. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kugeuka kunitazama. Mchungaji akauliza nimeitoa wapi, nikasema nimeinunua kwa mtu mjini aliyekuwa anahama; wewe baadaye nikakuambia niliinunua mpya. Uongo wenyewe ulitoka laini kabisa, kama umekuwa ukisubiri.

Lakini kulikuwa na lile jina.

Alhamisi, mama yako alipokuwa sokoni nawe mgongoni, nilifunga mlango nikaanza kazi. Nyuma ya duka letu kulikuwa na meza ya hoteli iliyovunjika miguu, nikabandua formaika yake, lile gamba gumu la juu. Nikafungua skrubu kumi na moja za kifuniko cheupe. Sikujua kwamba vile vitufe vya sauti vimefungwa kwenye kifuniko chenyewe. Nilipokivuta, waya mmoja ukakatika. Nikausokota kwa mkono nikauzungushia tepu, na ndiyo sababu besi ile imevuma kama nyuki maisha yako yote. Nikakilaza cheupe juu ya formaika, nikakichora kwa penseli, nikakata kwa msumeno wa chuma. Msumeno ukateleza. Kikatoka kidogo upande wa juu, na matundu hayakulingana. Nikatia msumari motoni kwenye jiko nikatoboa mengine. Yale ya zamani nikayaziba kwa njiti za kiberiti, moja moja, nikazikata kwa wembe na kuzisugua kwa msasa mpaka mkono haukuhisi kitu.

Nimefanya kazi nyingi za ovyo maishani mwangu. Mlango wa choo chetu unaujua. Ile niliifanya kwa makini.

Kile cheupe nilikipeleka chooni. Nilikiachilia kikiwa kimetazama juu, nikaliona lile jina likienda. Kisha nikanawa mikono nikakaa, na mama yako aliporudi akaiona besi imeegemea ukuta na uso wake mpya.

"Ya Njuguna iko wapi?" akauliza.

"Si ndiyo hii."

"Hii?" Akaitazama muda mrefu. "Hii ni ya nani sasa?"

Nikaisogeza nyuma ya pazia. Toka siku hiyo, kila akitaka kufagia ananiambia, "Ondoa hiyo ya watu." Wewe ulidhani ni mchezo. Ulipoanza kuongea ulikuwa unaniambia, "Baba, leta ya watu," nami nilikuwa nacheka ili usiulize.

Kanisani je? Ile besi ya jina jekundu kila mtu aliifahamu. Nadhani nusu ya kanisa ilijua toka Jumapili ya kwanza. Hakuna aliyesema neno. Baadaye nilielewa kwa nini. Wengi nyumbani kwao walikuwa na kitu cha waliofukuzwa: kiti, godoro, mabati, kabati la vyombo. Nilichokifanya na ile formaika kiliwafaa na wao. Waliisifu. Walisema nina kipawa.

Njuguna alikuja wewe ukiwa umeanza kutembea. Hakutuma habari, alibisha tu, nikafungua nikamkuta amesimama na gunia la viazi begani. Alikuwa amekonda. Besi ilikuwa nyuma ya pazia linalokata chumba, hatua nne kutoka alipokaa. Tulikuwa tumeipiga siku iliyotangulia.

Alikunywa chai. Akauliza habari za kila mtu. Hakuitaja. Ni mimi niliyeshindwa kuvumilia.

"Njuguna," nikasema, "lile gitaa lako walilichukua."

Akaweka kikombe chini. Na mimi, kwa kuwa alikuwa akiniangalia, nikaongeza. "Waliingia siku ile ile. Nilijaribu kuwazuia. Walinipiga. Mgongoni, kwa rungu. Nililala wiki mbili."

Mama yako alikuwa amesimama na birika mkononi. Hakumimina wala hakuliweka.

Mwanangu, nimeona watu wakikasirika, nimeona watu wakilia. Sijawahi kuona kitu kama uso wa Njuguna wakati ule. Aliinuka akaja nilipokaa, akaniwekea mkono mgongoni, polepole, kama anaogopa kuniumiza.

"Nisamehe," akasema. "Nilikuachia mzigo wa kukuua. Gitaa tu! Kwa nini hukuwapa wakaenda?"

"Lilikuwa lako," nikasema.

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

Alituachia viazi. Tulikula mwezi mzima. Nisahihishe hapo: nilikula mimi, na wewe nilikupondapondea. Mama yako alijisongea ugali wake kando, kila siku, mpaka gunia likaisha. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Kwenye kwaya alirudi kuimba, lakini alihamia mstari wa nyuma, mbali na vyombo, na hajawahi kusogea tena mbele. Ukimsikia akiimba akiwa anafua, ujue ile ndiyo sauti yake. Kanisani huimba kama mtu anayesoma orodha.

Nikapata jina. Unajua. Harusi za Langas, harambee, mikutano ya injili, siku moja hata wanafunzi wa chuo cha Chepkoilel walituita kwenye sherehe yao. Watu walikuwa wakiniita kwa jina la besi. Ulipofika miaka tisa nikakuwekea mkanda begani, nikasimama nyuma yako, nikaweka vidole vyangu juu ya vidole vyako. Ulijifunza haraka kuliko mimi. Nilikuwa nafurahi, na katikati ya furaha nilikuwa namfikiria yule aliyepaswa kuwa amesimama pale.

Njuguna alikuwa akinipigia simu mara mbili tatu kwa mwaka. Kila mara alianza na neno moja: "Habari ya mgongo?" Nami nilijibu. Nilijibu kwa miaka, Nekesa. Nikasema unauma wakati wa mvua. Nikasema nimepata dawa ya kuchua. Ukishakuwa na kidonda cha uongo lazima ukiuguze, la sivyo watu watauliza kilipona lini.

Miaka mitatu iliyopita mama yake alifariki. Ile safari niliyokuambia ni ya kununua mbao, ilikuwa mazishi Nyahururu. Nilienda nikidhani nitamwambia. Niliyapanga maneno njia nzima. Nilipofika, Njuguna alinishika mkono akanipeleka mbele ya watu.

"Huyu ndiye Wafula," akawaambia. "Huyu ndiye yule wa Eldoret aliyepigwa kwa ajili ya gitaa langu. Wakati watu walikuwa wanafukuzana kama wanyama, huyu alisimama mlangoni."

Waliniketisha na familia. Mzee mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akakataa kuuachilia. Binti yake Njuguna, mdogo wako kwa miaka michache, aliniletea chakula akapiga goti kidogo, akaniuliza, "Baba Nekesa, bado panauma?"

Nikamwambia, "Wakati wa baridi."

Kwenye mazishi. Mtoto wa watu. Sahani ya watu mkononi.

Njuguna ana kinu cha kusaga mahindi. Nilimuuliza kama alipata besi nyingine. Akanionyesha vidole vyake vilivyokauka, akasema, "Ya nini? Ile ilienda na wakati wake." Nikarudi nyumbani nikijipongeza kwamba nimenyamaza kwa ajili yake. Nilijiambia kwamba nikisema kweli nitamnyang'anya rafiki pekee aliyebaki naye huku, na watoto wake nitawanyang'anya mtu mwema wanayemsimulia. Maneno mazuri. Anayetaka kujificha hakosi kichaka, na mimi niliegemea kichaka hicho miaka mitatu mingine, mpaka Jumamosi ulipokifunua kwa bisibisi.

Jana usiku mama yako aliniambia neno moja tu: "Mwambie wewe, au nimwambie mimi pale stage ya magari, watu wakisikia."

Leo saa sita niliingia stoo ya saruji, nikafunga mlango, nikampigia simu Njuguna.

"Wafula!" alisema. "Habari ya mgongo?"

"Njuguna," nikasema, "mgongo wangu haujawahi kuguswa na mtu."

Kinu kilikuwa kinanguruma nyuma yake. Akadhani hajasikia. Akamwambia mtu azime. Kikazima, na kukawa kimya mpaka nikasikia kuku huko kwao.

"Sema tena."

Nikasema yote. Kanisa, mkono nilioinua, formaika, njiti za kiberiti, choo. Nilisema haraka, kisha nikarudia polepole.

"Siku ile nilipokuja," akasema mwishowe. "Ilikuwa wapi?"

"Nyuma ya pazia."

"Lile la maua? Nikiwa nimekaa pale?"

"Ndiyo."

"Mama Nekesa alijua?"

"Alijua. Hakula viazi vyako."

Akavuta pumzi. "Mama yangu alikuombea mpaka siku aliyokufa. Unajua? Alikuwa akitaja jina lako kabla ya langu. Nilikuwa namwonea wivu kidogo. Mtu mzima, naona wivu." Akacheka, lakini si kicheko ambacho ningependa ukisikie. "Nilikuwa nawakanya watoto wangu. Wakirudi shuleni wakisema watu wa kabila fulani hivi, watu wa kabila fulani vile, nawaambia, ngojeni, mnamsahau Wafula."

"Njuguna, nitakuletea. Kesho kutwa nitapanda—"

"Usilete wewe. Weka kwenye gari la mizigo."

"Sawa."

"Na watoto wangu nitawaambia mimi. Usijaribu kuwapigia."

"Sawa."

Nilidhani ameshakata. Kisha akauliza, "Huyo msichana wako anaipiga?"

"Anaipiga. Kuliko mimi. Hata kuliko wewe."

"Mwambie—" akaanza. Nikasubiri. Nilishika simu kwa mikono miwili. "Hapana," akasema. "Usimwambie kitu."

Akakata.

Hayo ndiyo niliyopata. Siwezi kukuletea msamaha wa Njuguna kwenye barua hii, kwa sababu hakunipa, na sidhani nilimpigia nikistahili kuupata. Labda ungetaka kujua kama nimejisikia mwepesi. Watu husema hivyo, kwamba ukishasema unakuwa mwepesi. Mimi nimetoka kwenye ile stoo nikiwa nimepoteza rafiki, na rafiki mwenyewe amepoteza zaidi yangu.

Nilikuja nyumbani nikafunga nyuzi zile kama ulivyoziacha. Sikuweka kifuniko chochote. Kile cheupe ulichonunua ni chako, nimekirudisha kwenye karatasi yake. Cha formaika nimekivunja. Atakapofungua blanketi nililoifungia atayaona matundu yote mawili mawili, yake na yangu, na atajua nilifanyaje, hata kama kwenye simu nilijikwaa. Nimeipeleka ofisi ya vifurushi. Karani alikuwa msichana mdogo, akaniuliza ndani mna nini, kisha akauliza kama inavyoulizwa, "Mali ni yako, Mzee?" Nikasema hapana. Akaniomba jina la mwenyewe ili aandike kwenye lebo. Nilimtajia, na alipokosea herufi moja nikamsahihisha.

Kwa hivyo utafika chuoni mikono mitupu, wenzako wakifungua mikoba yao. Sina nyingine ya kukupa. Mshahara wangu unaujua, na karo imeumaliza. Utaazima, utasubiri zamu, utapiga kwenye chombo kilichochakaa cha chuo baada ya wengine kuondoka. Vidole vyako vitakuwa nyuma ya vya wenzako mwaka wa kwanza, labda na wa pili. Hiyo si haki, na wewe hukukosa lolote. Nilipokufundisha kwenye kitu kile nilidhani nakupa urithi. Nilikuwa nakufundisha uzoee kitu ambacho siku moja kingedaiwa, na siku yenyewe imeangukia safari yako.

Usijaribu kunitetea kichwani mwako. Nakujua, una moyo wa kutafuta sababu za watu. Utasema zilikuwa siku za hofu. Nekesa, hofu ilikuwa imekwisha nilipoinua mkono kanisani. Ilikuwa asubuhi nzuri, milango wazi, watu wanaimba. Mabaya yangu yote niliyafanya baada ya hatari kupita, nikiwa nimeshiba, nikiwa na mke aliyekuwa akinitazama. Ningependa kukuambia jambo jingine. Hilo ndilo lililoko.

Njuguna hakutaka nikupe neno lake. Basi nakupa langu, na ni dogo. Ulipokataa kubeba besi ile ulidhani umenikosea heshima. Mama yako aliniambia ulilia. Hukunikosea. Katika nyumba hii kulikuwa na mtu mmoja aliyeuliza ni ya nani na akangoja jibu, na hakuwa mimi.

Ukifika hapa kwenye barua, gari litakuwa limeshapita Burnt Forest, na mimi nitakuwa nimeshakubebea sanduku mpaka stage na kulipandisha. Huenda hukunisemesha njia nzima. Ni sawa. Nitakuwa nimelibeba begani, upande wa mgongo, na halitakuwa limeniuma popote.

Baba yako,
Wafula